Kiti Chako Kina Mtu

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwepo, lakini saluni nzima ilimwita Kwanini, na jina hilo alilipata kwa haki. Tangu shangazi yake alipomchukua kumlea, akiwa bado na mapengo ya meno ya utotoni, alikuwa mtoto wa kuuliza. Kwa nini maji ya moto yanaondoa mafuta na ya baridi yanayaacha? Kwa nini rangi ya nywele inashika kwa huyu na kwa yule inateleza? Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye saluni, alimjibu mpaka majibu yakamwishia, kisha akamkabidhi ufagio.

Sekondari aliiacha njiani. Shangazi aliugua muda mrefu mwaka ule, wateja wakaanza kupungua, na mtu pekee aliyeweza kushika kitana wateja wakaridhika alikuwa Kwanini. Hakulalamika. Alisuka, akaosha vichwa, akapaka dawa ya kulainisha nywele, na saluni ikasimama. Shangazi alipopona, alimkuta binti amekuwa msusi kamili, mwenye wateja wake na kiti chake karibu na dirisha.

Ila ile dawa ilimkataa. Vidole vilianza kuwasha, vikachubuka, vikapasuka kwenye viungo hata alipovaa glavu. Wasusi wenzake walimwambia hiyo ndiyo kazi, atazoea. Hakuzoea. Asubuhi moja Shangazi alimvuta dirishani, akaigeuzageuza mikono yake kwenye mwanga kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Miaka yote hii nawapaka watu dawa hii kichwani," alisema, "na sijui ndani yake mna nini. Mwanangu, nenda kajue. Halafu uje unifundishe."

Ndivyo Kwanini alivyojikuta chuo cha ufundi, kwenye kozi ya ususi, kwa sababu ndiyo iliyompokea bila cheti cha sekondari. Wengi walimcheka. Mtu anayesuka usiku na mchana anakwenda kusomea kusuka? Yeye aliinamisha kichwa akaenda, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwalimu wa ususi alikuwa mama mrefu, mkavu wa maneno, ambaye aproni yake haikuwahi kuonekana na doa. Siku alipofundisha asidi na alkali, alichovya kikaratasi cha kupimia asidi kwenye dawa ya kulainisha nywele, na kikaratasi kikageuka buluu iliyokoza. Darasa likaandika, likafunga daftari. Kwanini akabaki. Alitaka kujua kilichogeuka ni karatasi au ni dawa, na kama dawa ina nguvu ya kuulegeza unywele, inajuaje ikome kwenye unywele isiile ngozi. Mwalimu alijibu la kwanza, akajaribu la pili, akafika mahali akatua chaki.

Pale ndipo maisha ya Kwanini yalipopinda, na hata leo akisimulia huanzia hapo. Kuna walimu wangemwambia hilo halimo kwenye mtihani. Huyu alimwambia maswali yake yamevuka uzio wa darasa lake, na kwamba hatamdanganya. Akamshika mkono, akamvusha uwanja mpaka jengo la pili, palipofundishwa mafundi wa maabara, akamwambia mkuu wa kozi ile kwamba amemletea mwanafunzi wake, amtunze.

Kwanini alimaliza ususi kwanza, kwa heshima ya mwalimu yule, kisha akaingia maabara. Akapata cheti, akaendelea na diploma. Alijifunza kuosha vyombo vya kioo mpaka visibakize hata alama ya kidole, na kudondosha asidi tone kwa tone akiwinda lile tone moja linalobadilisha rangi ya chupa nzima. Mwisho wa juma alirudi kusuka. Vidole vyake vilipona, maana Shangazi alikuwa amepiga marufuku asiguse dawa. Yeye ni wa kusuka tu.

Diploma ilipopatikana, chuo kikuu kilimjibu kwamba mwenye diploma anaruhusiwa kusomea digrii ya kemia, mradi afaulu mtihani wa hesabu. Hapo alikata tamaa. Hesabu za sekondari aliziacha pamoja na sekondari yenyewe, na alizobaki nazo zilikuwa na matundu kama chujio.

Aliyemwokoa alikuwa mteja. Mama huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, mpenda misuko myembamba ile inayokula siku nzima, na watu wa saluni walimbandika jina Mwalimu Mabano, kwa kuwa hata akigombana na mtu kwenye simu humwambia afungue mabano kwanza. Aliposikia shida ya Kwanini alisema kichwa chake kiko mikononi mwa binti tangu asubuhi hadi jioni, na mdomo wake haufanyi kazi yoyote; basi mdomo huo kwa nini usifundishe?

Basi saluni ikawa darasa. Mwalimu Mabano aliandika kwenye kioo kwa penseli ya nyusi, Kwanini akajibu huku akisuka, na akikosea alivutwa sikio bila mwalimu kugeuza shingo. Wateja waliokuwa chini ya mashine za kukaushia walianza kubishana kuhusu majibu. Siku moja Kwanini alikwama, na Shangazi, aliyekuwa akifagia nywele sakafuni taratibu, akasema bila kuinua macho kwamba ile hasi mbele ya mabano imesahauliwa. Saluni nzima ikageuka kumtazama. Akauliza wanatazama nini, kwani yeye hana masikio?

Mtihani alifaulu. Mwalimu Mabano alikataa kulipwa chochote isipokuwa kusukwa.

Chuo kikuu kilikuwa habari nyingine. Ukumbi ulijaa vijana waliotoka shule moja kwa moja, wenye kumbukumbu mbichi na mikono myepesi. Mhadhiri aliingia, akamwaga maneno, akaondoka. Kwanini alikaa nyuma, akiwa mkubwa kuliko wote, akanakili kila kitu bila kuelewa nusu yake. Mitihani ya kwanza ilipotoka, alikuwa ameanguka karibu yote. Wakati huohuo akasikia kwamba viganja vya Shangazi vimeanza kuvimba, kusuka kunamshinda. Alifunga begi katikati ya juma akaenda nyumbani. Njia nzima alijiambia anarudi kumsaidia mlezi wake, na huo ulikuwa ukweli, ila haukuwa wote.

Alipoingia saluni, karibu na dirisha palikuwa na mwanamke asiyemjua, akimsuka mteja kwa mkono mzuri tu. Kwanini akasimama na begi lake kama mgeni.

"Kiti chako kina mtu," Shangazi alisema.

"Shangazi, nimesikia unaumwa. Nimekuja kukusaidia."

"Viganja vinauma, ndiyo, ndiyo maana nikamtafuta huyu. Na wewe umefeli. Uso wako nimeulea mimi, nausoma."

Shangazi alimpeleka chumba cha nyuma, akampa chakula, akamwacha alie mpaka akanyamaza mwenyewe. Kisha akamuuliza kitu kimoja: huko chuo kikuu wanamwitaje?

Kwanini alifikiri. Hakukuwa na mtu aliyemwita chochote.

"Basi hujawauliza kitu," Shangazi alisema. "Umekaa kimya miezi yote hiyo, wewe?"

Alikuwa amekaa kimya. Aliogopa kwamba akiuliza, wenzake wataonekana wajuzi na yeye ataonekana msusi aliyepotea njia.

"Sikiliza, mwanangu. Ng'ombe akivunjika mguu hurejea zizini, hilo nalijua, na ndiyo maana zizi nimelifunga. Nilipougua, uliacha shule ukanishika. Nikakushukuru moyoni, na shukrani ya moyoni haimfikishi mtu popote. Acha nikushukuru sasa. Utalala hapa leo, kesho utarudi."

Alirudi. Kwenye mhadhara uliofuata alikaa mstari wa mbele, na mhadhiri alipofika mahali pa giza, akapiga moyo konde akanyoosha mkono, akauliza kwa nini. Mhadhiri alisimama, akafuta ubaoni, akaeleza upya polepole, na nyuma ya Kwanini ukumbi mzima ukashusha pumzi, maana hakuna aliyekuwa ameelewa. Tangu siku hiyo vijana walimtuma. Wakikwama walimnong'oneza mgongoni, naye akauliza kwa niaba yao, na wao jioni wakamsaidia hesabu ndefu. Mitihani aliirudia akafaulu, na kabla mwaka haujaisha jina lake la saluni lilikuwa limefika chuoni bila mtu kulibeba.

Leo anafanya kazi kwenye maabara inayopima dawa za nywele na ngozi kabla hazijauzwa, na mara moja kwa juma huvuka uwanja ule wa chuo cha ufundi, akafundisha wasusi asidi na alkali. Mwalimu yule mrefu huketi nyuma ya darasa akiandika.

Siku ya mahafali yake ya chuo kikuu walikuja wote watatu: Shangazi, Mwalimu Mabano, na mwalimu wa ususi akiwa bila aproni kwa mara ya kwanza. Wahitimu walikuwa mamia, wote kwa majoho na kofia zilezile, na kwa macho ya Shangazi kutoka kule nyuma walikuwa kama mtu mmoja anayepita tena na tena. Kwanini alipowakuta nje baada ya sherehe, walimu wawili walikuwa wanacheka hadi wanashikana. Walimwambia shangazi yake alisimama na kushangilia kila jina lililosomwa, tangu la kwanza hadi la mwisho, na watu wa nyuma walimwomba akae wakachoka.

Kwanini alimuuliza kwa nini alifanya hivyo.

"Nisingekuona," Shangazi alisema. "Nikaona nikiwashangilia wote, na wewe hutanipita."

Kisha akaketi kwenye ngazi, akavua viatu vilivyombana tangu asubuhi, na Kwanini akavibeba mkononi pamoja na kofia, wakaenda polepole kutafuta kivuli.