Jina ni Letu Sote

Ukiita Lulu chuoni kwetu tulikuwa tunageuka wawili. Mimi Lulu wa Zinga, mwembamba, mwenye mdomo. Yeye Lulu wa mjini Bagamoyo, mtaratibu, ananukia udi hata siku ya mvua. Kwetu pwani, wenye jina moja hawaitani majina. Huitana somo, na somo hamfichi somo. Tangu tuanze kazi pamoja sikuwahi kumwita Lulu hata siku moja.

Wote wawili tunafundisha ufugaji. Mimi nilijiongezea kazi bila kutumwa na mtu: vipindi vya simu kwa akina mama wafuga kuku. Sauti na picha za kuchora, vifupi, mtu anasikiliza huku anakuna nazi. Nina mtindo wangu, kosa kwanza. Kabla sijafundisha chanjo ya kideri, ugonjwa unaofagia banda zima la kuku, namleta Bi Tatu, mwanamke niliyembuni mwenyewe, anaianika chanjo, kitu kinachoharibika kwa joto, dirishani kwenye jua “isimpige kuku baridi.” Msikilizaji anamcheka, anamgombeza, halafu ndipo ninapouliza: haya, afanyeje? Bibi yangu alinifundisha vitumbua hivyo hivyo, aliacha vya kwanza viungue mbele ya macho yangu. Kuanzia Fukayosi hadi Mkange wanamjua Bi Tatu kama jirani.

Nikiwa na miaka arobaini na tatu, mkuu wa chuo alitangaza kitengo cha mafunzo ya mtandaoni. Atakayekiongoza, alisema, awe amesomea usanifu wa mafunzo. Niliitaka kazi ile mpaka usingizi ukanipungua. Ilikuwa kazi yangu tayari, ila haikuwa na kiti.

Njia zilikuwa mbili: stashahada ya uzamili ya chuo kikuu, au cheti kifupi cha mtandaoni kinachomalizwa upesi. Sikujua nishike ipi katika umri huu, nikampelekea somo yangu karatasi za njia zote mbili. Alisoma maelezo yote taratibu, akanicheka kwa upendo. Nikakae darasani na watoto wa juzi, nifundishwe nadharia na watu ambao hawajawahi kumshika kuku?

“Nakwambia kweli kwa kuwa u somo yangu,” alisema. “Huko utasomeshwa unachokijua. Chukua cheti.”

Akaniomba na vipindi vyangu vyote, akamwonyeshe mkuu, anisemee. Nikampa. Nilirudi nyumbani nikisema alhamdulillahi, nina mtu.

Cheti nikakipata, nikakitundika ukutani. Mkuu akanipongeza, kisha akanikumbusha kwa upole kwamba anachotaka ni stashahada. Mwaka ukapita, kiti bado kilikuwa kitupu. Nikameza kiburi, nikaomba chuo kikuu, na kwa kuwa walitaka kuona kazi ya mwombaji, nikawatumia Bi Tatu.

Aliyenihoji kwa njia ya video ni mhadhiri mmoja mpole, Dokta Jasmin. Alikifungua kipindi cha kideri, akasikiliza kidogo, akavua miwani.

“Mwalimu, kazi hii tunayo,” alisema. “Ni ya mwanafunzi wetu anayehitimu mwezi huu. Mwalimu Lulu, wa chuo hicho hicho chako.”

Akaifungua ya huyo mwanafunzi nisikie. Sauti ilikuwa ya somo yangu, laini, bila haraka. Bi Tatu akaianika chanjo dirishani isimpige kuku baridi. Sauti ilikuwa yake, kosa lilikuwa langu.

Nikasema Lulu ni mimi. Nilivyokuwa nikitamka nikajua ninavyosikika. Dokta Jasmin alinitazama kwa huruma, huruma anayotazamwa nayo mwizi mwenye umri wa heshima, akanishauri nije muhula mwingine na kazi mpya isiyofanana na hii hata kidogo. Yaani nimkane Bi Tatu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hawakusema kinaweza kuwa na jina lako.

Nilimkuta somo yangu ofisini kwake, kabati la kitengo kipya likiwa limeshaingizwa: kiti kimepata mwenyewe. Hakushtuka. Alinivutia kiti, akanimiminia kahawa, na mimi nikaiacha ipoe. Nikamweleza nilichosikia. Hakukana hata neno.

“Kila kipindi uliandika ‘Kimetayarishwa na Mwalimu Lulu,’” alisema. “Sikubadilisha hata herufi moja, somo. Jina ni letu sote.”

“Na ule ushauri ulionipa?”

“Ulikuwa wa kweli. Wewe kazi unaijua. Mimi ndiye niliyehitaji kusoma.”

Nilitafuta matusi, na mimi kwa matusi sijambo, lakini hayakuja. Kilichonijia ni uchungu mtupu, na aibu ya kwamba nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyu. Nikasimama.

“Hongera, Lulu,” nikamwambia.

Hapo ndipo aliposhtuka. Aliinuka ghafla na kikombe chake, kahawa ikamwagikia mtandio.

“Usiniite hivyo, somo.”

“Ndilo jina lako. Nimekuachia.”

Nikatoka. Nilikuwa nimefika katikati ya uwanja, nikiwaza kipindi kipya nitakianza na kosa la nani, karani aliposimama mlangoni akaita, “Mwalimu Lulu!”

Sikugeuka. Mpaka leo sijui alikuwa akimwita nani.