Breki za Gari la Nesi

Alasiri ile gari la Nesi lilisimama uani kwa Mama Pacha kama limevaa viatu vya mchuchumio. Springi mpya ndefu, shokapu mpya, matairi yenye meno. Wiki mbili marafiki watatu, Nesi, Mama Pacha na Cheche, walikuwa wamejigaragaza uvunguni mwake, maana kesho asubuhi Nesi alitakiwa kuvuka makorongo kupeleka chanjo ng'ambo ya mlima, ambako magari ya kawaida hukwama na watoto hukosa sindano.

Cheche, mchomeleaji wa mtaani, alikuwa ameshaanza kunawa mikono kwa sabuni ya unga. "Kazi imekwisha. Nesi, washa uende zako."

"Bado," alisema Mama Pacha.

Yeye alikuwa fundi cherehani. Umakanika alikuwa akiusoma jioni, wanawe wakilala kwa shangazi yao. Na kitu kilikuwa kikimkereketa tangu mchana. Breki walizijaribu gari likiwa limetulia chini, magurudumu yote yakibeba uzito. Hakuwahi kumpima mteja koti bila kumwambia ainue mikono.

"Shemeji, usituletee mambo ya daftari," Cheche alicheka. "Mimi nimeshika spana wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

"Basi shika na jeki. Nikikosea nakushonea ovaroli ya bure. Hiyo uliyovaa inatia huruma."

Nesi akaangua kicheko. Cheche, akinung'unika, akatia jeki chini ya fremu na kupandisha mpaka gurudumu la mbele likaning'inia hewani. Mama Pacha akaingia ndani, akakata usukani hadi mwisho.

"Haya, chungulia."

Cheche akainama. Kicheko kikamkauka. Mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye fremu hadi gurudumuni, ulikuwa umekazika kama kamba ya kuanikia nguo.

"Gari tumelipandisha, mpira tumeuacha na urefu wake wa zamani," alisema Mama Pacha. "Korongo la kwanza tu, unakatika. Nesi anakanyaga breki, anakuta patupu."

"Tuuvute kidogo?"

"Hauvutwi. Kishikio chake kwenye fremu ndicho kishuke. Nikatie vipande viwili vya chuma, cha kulia na cha kushoto, kila kimoja matundu mawili." Akatoa tepu shingoni, akapima. "Sentimita sita. Usinichomelee kitu karibu na mpira, tutafunga kwa bolti."

Cheche hakubisha tena. Alikata, akatoboa, akafunga pale alipoambiwa. Nyuma nako wakakagua, kukawa salama.

Jua likiwa bado juu ya paa, Mama Pacha alilipandisha gari kwenye rundo la kokoto nje ya geti, gurudumu moja likabaki hewani. Akakata usukani, akakanyaga breki. Gari likatulia tuli.

"Mpira umelegea vizuri," Cheche aliripoti kutoka chini.

"Kwa hiyo niende?" Nesi alimuuliza Cheche, kwa mazoea.

Cheche akamwonyesha Mama Pacha kwa kidevu.

"Nenda," alisema Mama Pacha, akishuka na spana yake kukaza nati za gurudumu. "Na ukirudi, lilete hapa kwanza nilikague."