Wakili Anayetaka Kujitoa

Wakili Yusra wa Tukuyu mjini alikuwa na mteja mmoja aliyemuumiza kichwa: Bibi Atuganile wa Mpuguso. Beberu wa Meshaki, jirani yake, alikuwa ametafuna joho la kwaya la Bibi likiwa kwenye kamba ya nguo, akabakisha kola na mkono mmoja. Bibi akaapa kwamba watakutana mahakamani, na kweli wakakutana.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kilichomshangaza Yusra ni jinsi Meshaki alivyojua kila hila yake. Alipompigia Bibi simu kumpa tarehe ya kesi, aliongeza, "Atadai beberu alikuwa amefungwa. Tutamtaka atuonyeshe kamba." Siku ilipofika, Meshaki akaingia mahakamani na kamba mpya begani.

Yusra akapanda bodaboda hadi Mpuguso. Kwa Bibi hakukuta mtu. Alimkuta uani kwa Meshaki, amekaa kigodani, simu mkononi, Meshaki akimenya ndizi pembeni.

"Bibi! Unafanya nini huku?"

"Mtandao, mwanangu. Kwangu haushiki kabisa."

"Na tukiongea, yeye anakuwa wapi?"

"Si hapa hapa! Sikio langu zito, naweka sauti kubwa."

Meshaki akaitikia kwa adabu, "Tena Kiswahili chako cha mahakamani kigumu, wakili. Mimi ndiye ninayemtafsiria Kinyakyusa."

Yusra akamweleza Bibi palepale kwamba anajitoa kwenye kesi, na kwamba tarehe ijayo ataomba ruhusa kwa hakimu.

"Ndaga, mwanangu, kapumzike," Bibi akamshukuru. Meshaki ndiye aliyenuna.

Mahakamani, hakimu alimuuliza Bibi kama ana pingamizi. Hakuwa nalo. Lakini mkono wa Meshaki ulikuwa juu.

"Mimi ninalo, Mheshimiwa. Tarehe zote naambiwa na wakili huyu. Akijitoa, nitajuaje siku ya kesi?"

Wazee wa baraza wakaangua kicheko. Hakimu akajifunika uso kwa faili, mabega yakimtikisika. Alipopata sauti, akawaambia Bibi na Meshaki watoke nje kidogo wakaone kama hawawezi kuyamaliza.

Nje, Meshaki akakubali kushona joho jipya. Bibi akataka la zambarau.

"Zambarau? Utafanana na bilinganya!"

"Bora bilinganya kuliko mwenye beberu asiye na adabu!"

Wakazozana weee, mpaka Yusra akapaza sauti, "Zambarau! Na beberu afungwe!"

Wakamgeukia kama watoto wa shule mbele ya mwalimu. Kisha Bibi akacheka, akacheka hadi akashika nguzo ya baraza, na Meshaki naye akashindwa kujizuia.

Wakarudi ndani, wakapatana mbele ya hakimu, kesi ikaisha hata kabla ombi la kujitoa halijaamuliwa. Jioni hiyo Yusra alirudi kwake juu ya bodaboda, amekumbatia mkungu wa ndizi aliopewa na wote wawili. Kama ameshinda au ameshindwa, hakujua. Alijua tu kwamba ndizi zinamchoma shingoni, na kwamba hawezi kuacha kucheka.