Mfenesi wa Mpakani na Jicho la Jinadasa

Naapa kwa macho yangu yote mawili: kisa hiki sikukitia chumvi hata chembe. Asiyeamini aende akautazame ule ua.

Jinadasa, mkuu wa stesheni mstaafu, aligombana miaka mingi na jirani yake Wimalasena juu ya mfenesi uliosimama mpakani. Marehemu mkewe Jinadasa ndiye aliyeumwagilia maji ya kuoshea mchele hadi ukakomaa. Wimalasena aliuita "mti wangu", makusudi, kila alipomwona mwenzake anapita.

Mkesha wa Poya, sikukuu ya Wabuddha ya mwezi mpevu, Wimalasena akapaza sauti juu ya ua. "We mzee wa treni! Kesho hekaluni mtawa anawafundisha wanaoanza kutafakari. Tukae sote. Atakayefungua macho kabla ya kengele atausogeza ua ndani kwake, mti ubaki kwa mwenzake. Au unaogopa kunyamaza?"

"Niogope nini? Wewe ndiye utakayeshinda bure, kichwa chenyewe kitupu, hakina cha kukisumbua!"

"Tutaonana, domo kaya."

Asubuhi wakavaa nyeupe, wakaapa mbele ya mtawa pamoja na wanakijiji: hawataua, hawatasema uongo, hawatakula baada ya adhuhuri. Alasiri, tumbo linanguruma, wakaketi mkekani wakitazamana kama majogoo.

"Fumbeni macho," akasema mtawa. "Fuateni pumzi puani. Akili ikitoroka, irudisheni bila kuigombeza. Kisha mtakieni mema anayewaudhi."

Jinadasa akavuta pumzi: mfenesi. Akaitoa: Wimalasena. Mbu akamtua sikioni, na kumpiga hakuruhusiwa. Uwe na furaha, akamtakia jirani yake moyoni, huko mbali utakakohamia. Halafu wazo likamchoma: je, kama yule mwizi anachungulia? Atajuaje?

Akafungua jicho la kushoto, upenyo mwembamba tu.

Wimalasena alikuwa ameyafumba macho barabara. Juu ya upara wake alikaa mjusi, mkia ukining'inia karibu na sikio. Jasho lilimtiririka, wala hakutikisika. Mjusi akashuka, akaenda zake. Jinadasa akafumba haraka.

Kengele ikalia. Mtawa akawauliza wanafunzi wapya walivyojisikia.

"Mheshimiwa, mimi nilipaa!" Jinadasa akadakia. "Nikaupita ule mti mtakatifu wa mbodhi hapo uani, nikaona reli mpaka baharini. Samaki wakanipungia mapezi! Nimetulia hivyo, huku jirani yangu anatetemeka kwa kofia ya mjusi!"

Watu wakaangua kicheko. Wimalasena peke yake hakucheka.

"Nilihisi kitu kichwani," akasema polepole, "ila sikujua ni nini. Wewe umejuaje ni mjusi?"

"Si nimekwambia? Nilikuwa juu, naelea..."

"Jinadasa," mtawa akamkatiza kwa upole. "Bado umevaa nyeupe ya kiapo."

Jinadasa akaitazama shuka yake.

"Nilifungua," akanong'ona. "Jicho moja."

"Basi na jicho la pili lifungue, usije ukajichimba mguu!" Wimalasena akamrukia.

Jioni ile, kwa njaa na nyeupe yake ikichafuka udongo, Jinadasa aling'oa nguzo moja baada ya nyingine akizisogeza ndani. Ilipofika ya mwisho aliugusa mfenesi kwa kiganja, kisha akauacha upande wa jirani.

Wimalasena alisimama chini yake, mikono nyuma, akitabasamu kama sanamu ya hekaluni.

"Uwe na afya, jirani. Uwe na furaha," akamtakia. "Na hiyo nguzo umeipinda. Rudia."