Mlinzi wa Mlango wa Kichanga

Siku mtoto aliporuhusiwa kutoka hospitali, nesi alimshika mama yake mkono akamwambia: "Huyu kazaliwa kabla ya siku zake. Mwenye mafua asimkaribie. Kwako wewe mafua ni kero, kwake ni vita."

Mama kichanga, fundi cherehani asiye na maneno mengi, alilimeza neno lile kama dawa. Lakini aliyelisikia kwa masikio yote mawili alikuwa mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo alikuwa amestaafu kazi ya kupekua watu kwenye lango la kiwanda cha sabuni, na mtaa mzima ulimwita Bibi Geti. Wanasema aliwahi kumvua mtu kofia akakuta mche wa sabuni umechongwa ukamkaa kichwani sawasawa. Kustaafu kulimuuma kama jino. Sasa kapata geti jingine.

Asubuhi yake mama kichanga alimkuta mlangoni, kakaa kwenye kigoda, tochi mkononi.

"Mama, mbona mapema hivi?"

"Mwizi halali, mwanangu, mimi nilale?"

Wa kwanza kufika alikuwa msusi, jirani yao, amebeba furushi la nguo za mtoto.

"Hodi wenyewe!"

"Simama hapo hapo. Inua pua."

"Niinue nini?"

"Pua, shoga yangu. Au umeiacha nyumbani?"

Akammulika tundu moja, akahamia la pili, akaguna. "Hii inachuruzika."

"Vumbi tu, Bibi!"

"Hata waliobeba sabuni walisema ni uvimbe. Toa kitambaa chako cha kupengea."

Msusi alitoa kitambaa, akaacha furushi, akarudi kwake akinuna. Kama mambo yangeishia hapo, Bibi Geti angestahili zawadi. Lakini kiwandani sheria ilikuwa moja: kitu kikikamatwa langoni, sharti kipelekwe ofisini, bosi akione kwa macho yake. Basi akakibeba kile kitambaa, akapita sebuleni, akaingia chumbani, akakikunjua juu ya kitanda, shubiri moja tu kutoka puani mwa mtoto.

"Ona, mkwe wangu! Ona alichotaka kutuletea!"

Mama kichanga alimvuta mwanawe kifuani. Maneno yalimjaa mdomoni, lakini nani amkaripie mama mkwe, tena anayemfanyia wema?

"Asante, mama," akasema.

Ile asante ikawa kama kumwaga mafuta motoni. Akaja wifi, kikaletwa kitambaa. Akaja muuza mitumba, kikaletwa kingine, kimelowa hata kuking'ang'ania kidole. Kufikia mchana vilikuwa vimetandazwa dirishani kama bendera za meli.

Mume, fundi baiskeli, aliporudi kula, mkewe alimnong'oneza: "Mwambie mama yako aache kuviingiza. Mtoto ataugua."

"Mwambie wewe, ni mkwe wako."

"Nikimwambia mimi, ataona namfukuza."

"Nikimwambia mimi, atanipekua."

Alasiri, mume bado hajarudi kazini, nesi alipita kumpima mtoto uzito. Naye alimulikwa pua, akacheka hadi machozi, akapita. Alipoviona vitambaa, kicheko kikakauka.

"Hivi ni vya nini?"

"Ushahidi," akajibu Bibi Geti kwa fahari.

Nesi akavuta kiti. "Hebu nikusimulie kitu, mama. Ndani ya pua na koo kuna ngozi laini yenye ute. Hapo ndipo mwili umeweka walinzi wake, chembe za kinga. Mdudu akiingia, wengine humuua papo hapo. Wengine kazi yao ni kumkamata na kumpeleka kwenye tezi, waliko askari wengi, ili wamjue sura."

"Safi! Kama kiwandani kwetu!"

"Safi, mara nyingi. Ila kuna wajanja. Kirusi cha surua, kwa mfano, hakifi mkononi mwa mlinzi. Kinakubali kukamatwa, kinabebwa na mlinzi huyo huyo hadi kambini. Kikifika kinawavamia askari wenyewe, halafu kinasambaa mwili mzima."

Bibi Geti alipiga paja. "Mlinzi bwege huyo! Kambeba mwizi mgongoni, kampeleka mpaka ghalani! Afukuzwe kazi leo leo!"

Hakuna aliyecheka. Mume akawa anakagua kucha zake. Mama kichanga alimtazama mtoto, akatazama dirishani, kisha akasikia sauti inatoka, na ilikuwa yake mwenyewe.

"Asifukuzwe, mama. Ni mlinzi hodari. Ila akimkamata mwizi, amalizane naye huko huko nje. Asimlete chumbani kwa mwanangu."

Bibi Geti aliyaona macho ya mkwe wake, akayafuata yalikokuwa yakitazama, kwenye vitambaa. Akainua mikono yake akaiangalia taratibu, mmoja baada ya mwingine. Halafu akapiga chafya moja, kubwa, iliyomkurupusha mtoto usingizini.

"Mungu wangu," akasema. "Mimi ndiye bwege."

Akanyanyuka bila kuambiwa, akajifunika mdomo kwa kanga, akatoka kinyumenyume. Vitambaa vikachemshwa kwenye sufuria kuukuu, mikono ikaoshwa, dirisha likafunguliwa. Juma zima mama kichanga alikuwa akiweka kiganja kwenye paji la mwanawe kila alipoamka kunyonya, na kila mara bibi aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, kwa sauti iliyokwaruza: "Ana joto?"

"Hana, mama. Ananyonya kama anayedai deni."

Mafua yalipomwacha na nesi aliporidhika, Bibi Geti aliosha mikono hadi viwikoni, akakaa, akapakatishwa mjukuu. Mtoto alimkodolea macho kwa muda, akajinyoosha, kisha akamlowesha mapaja yote mawili.

"Mama, lete nimbadilishe," akasema mkwe.

"Thubutu!" akajibu bibi, bila kusogea hata unywele. "Mwache amalize."