Dole Moja, Barua Saba

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Juzi saa nne asubuhi, wenzake wakiwa darasani, alikufutia meza pale mgahawani, akakuwekea chai, ukamwambia aongeze sukari huku macho yako yako kwenye simu. Ana doa jeusi juu ya jicho la kushoto, ndiyo maana tunamwita Kidoti. Miaka kumi na mitatu. Nakuandikia kwa sababu yake, na sina muda wa kukubembeleza.

Mimi ni fundi wa fotokopi, kibanda changu kinatazama geti la shule. Jumatatu Mwalimu Mkuu aliniletea barua saba nimtolee nakala. Nikatoa. Sikusoma hata mstari mmoja, mimi ninayekufokea wewe! Nakala moja ilitoka imejikunja, nikaitupa kwenye boksi la karatasi mbovu.

Mchana akaja Mwenyekiti. Usitafute mzee mwenye kitambi. Ni msichana wa miaka kumi na minne, wa kwanza wilaya nzima katika mtihani wa majaribio, mwenyekiti wa baraza la watoto. Picha yake imetundikwa getini. Alitaka nimchapie hotuba ya Alhamisi, kuhusu haki ya kila mtoto kusoma, ya kusomwa mbele ya Afisa Elimu.

"Mjomba, naomba karatasi mbovu nifanyie hesabu."

"Chukua. Ukiwa waziri usinisahau."

"Nikiwa waziri nitakununulia mashine isiyokohoa."

Akainama kwenye boksi akicheka. Kicheko kikakatika.

"Mjomba, kwani Kidoti amehama?"

"Ahame aende wapi? Asubuhi nimemwona mgahawani na ndoo."

"Hapa imeandikwa amehama shule. Mzazi kaomba, mzazi kaweka dole. Kidoti hana mzazi, ana bibi tu, na bibi yuko kitandani mwaka wa pili huu."

Mchezo huo naujua. Miaka thelathini na moja iliyopita baba yangu naye aliambiwa mwanawe amehama, na mwana mwenyewe nimekaa hapo mlangoni namsikiliza anayesema. Wanaosoma polepole huondolewa kabla ya mtihani wa mwisho, wastani wa shule usishuke. Kusoma nimejifundisha mwenyewe, kwa karatasi walizotupa wengine. Jina la mwalimu yule ninalo mpaka leo.

Usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa Ijumaa saa sita mchana. Asiyesajiliwa, basi tena.

Lakini Mwenyekiti hakuwa akitazama jina. Alikuwa akitazama dole. Alama yake ilikatwa katikati na mstari mweupe, kovu.

"Dole hili nalijua," akasema. "Limenifunga vifungo tangu chekechea."

Mama yake ni mfagizi wa shule, Mama Usafi. Kovu alilipata akiokota vioo vya dirisha la shule hiyohiyo. Alipopita na fagio lake kumchukua binti, binti akamwuliza: "Mama, wiki iliyopita uliweka dole kwenye nini?"

"Karatasi saba za mahudhurio yetu wafanyakazi. Mwalimu Mkuu kasema weka, nikaweka. Kwani mimi nasoma?"

Binti akamsomea. Mama Usafi akakaa juu ya boksi la karatasi, likabonyea.

"Kidoti nilimbeba mgongoni siku aliyoanguka ngazini. Ndiyo nimemfukuza mimi?"

"Nikisema, watakukamata wewe, mama."

"Na usiposema?"

Binti akaikunja ile nakala, akaitia mfukoni. Mashine ilikuwa inakohoa tu.

Jumanne Mwenyekiti alirudi peke yake, kucha amezitafuna mpaka damu.

"Mjomba, ukilifunika dole kwa karatasi nyeupe, nakala itatoka bila dole?"

"Itatoka. Na ushahidi nao utakuwa umebaki chini ya hiyo karatasi nyeupe."

Akalia kimya kimya, akafuta machozi kwa sketi, akaondoka na ile nakala, dole halijafunikwa. Jumatano Mwalimu Mkuu aliikagua hotuba, akakata jina la Kidoti kwa kalamu nyekundu. "Mwanangu," akamwambia, "usiichafue picha yako mwenyewe pale getini."

Alhamisi nilisimama kwenye dirisha la ukumbi wa shule. Mwenyekiti alisoma salamu, akafika palipokatwa kwa wino mwekundu, akakwama. Nikasema moyoni, ameshindwa, na nani wa kumlaumu?

Mama Usafi akaweka ndoo chini. Akapita katikati ya wageni na aproni yake, akafika meza kuu, akavuta pedi ya wino ya Afisa Elimu, akachovya dole, akalibandika kwenye kitambaa cheupe cha meza.

"Mwanangu, toa ile barua. Bwana Afisa, fananisha."

"Mama Usafi, rudi nyuma," Mwalimu Mkuu akacheka peke yake. "Kuna wageni."

"Kidoti ni mgeni? Wenzake sita ni wageni?"

Mwenyekiti akamkabidhi barua, Afisa akafananisha. Kisha akatazama saa yake, si nyuso zao. "Waleteni watoto wenyewe ofisini kwangu kesho kabla ya saa sita. Nisiyemwona kwa macho simrudishi kwenye orodha. Na wewe mama, utaandika maelezo."

"Siwezi kuandika."

"Utasema, tutakuandikia."

"Sawa. Ila safari hii mtanisomea kwanza."

Leo ndiyo Ijumaa. Ni saa tatu na nusu. Mama Usafi yuko ofisini kwa Afisa anahojiwa tangu saa mbili, na haijulikani atatoka kwenda nyumbani au polisi. Watoto sita tumewapata: kwenye kufyatua matofali, kwenye kufua nguo, kwenye nyumba za watu. Wamekaa kwenye benchi la Afisa na miguu yenye vumbi. Wa saba hayupo. Mwenye mgahawa alisikia habari za jana, akaogopa kushtakiwa kwa kumtumikisha mtoto, akampitisha Kidoti mlango wa nyuma, akamkabidhi mtu. Mtu gani? Mmoja wenu. Mwenyekiti amesimama barabarani anagawa karatasi hii, kila dakika ananiuliza saa, nami nimeanza kumdanganya.

Kama kuna mtoto mgeni jikoni kwako tangu jana, mtazame juu ya jicho la kushoto. Kama yuko kwa jirani, gonga, na wasipofungua piga kelele. Weka hicho kikombe chini. Mshike mkono umlete ofisini kwa Afisa Elimu, sasa hivi, kabla ya saa sita.