Alama Zilizogoma Kuingia Kwenye Disketi

Programu ya Kalunde ilifunguka kwa ng'ombe. Alitokea kwenye skrini, mwekundu, nundu na pembe zake zote, akageuza kichwa taratibu, akalia. Ndipo yalipofuata majina ya wenye mifugo wa Ikutha na picha za alama wanazochoma kwenye ngozi za ng'ombe wao.

Mzee Ndululu, mwenyekiti wa soko la mifugo la Ikutha, alingoja mpaka kilio kikaisha.

"Mwiitu wa Mutie," akasema, kwa Kikamba akimwita binti wa Mutie, "nimetoka Ikutha mpaka Emali kusikiliza ng'ombe?"

Mwanamkasi, mwenye ofisi ya kupiga chapa walimokuwa wameketi, alicheka hadi buibui likamteleza kichwani.

Lakini Kalunde hakucheka. Kompyuta ya soko ilikuwa kuukuu, zawadi ya kanisa, na diski yake ya ndani ilikuwa imekufa. Kila kitu kilipaswa kuingia kwenye disketi moja, na programu yake ilihitaji karibu mbili. Kamati ilikuwa imechoka kungoja. Kesho ni siku ya mnada. Mashine isipoweza kusema ng'ombe ni wa nani, wataibadilisha kwa mota ya kinu cha posho. Tangu apate diploma, hii ndiyo programu pekee ambayo mtu alikuwa amemwomba aitengeneze. Ikikataliwa, atarudi kupiga chapa kadi za harusi za watu.

"Si utumie disketi mbili?" Mwanamkasi akauliza.

"Mashine ina mdomo mmoja, Mama. Ukichomoa katikati inasahau ilikuwa inafanya nini."

Akamfuta ng'ombe. Bado ilizidi. Akaondoa rangi zote. Bado.

"Mzee, tukiacha majina peke yake, bila alama?"

"Jina mtu anajipa hata njiani akija. Alama iko kwenye ngozi. Hapana."

Basi akazipunguza picha zenyewe, zikawa ndogo kama ukucha. Ndululu akainama, pua karibu iguse skrini.

"Hii ni alama au ni kupe?"

"Ni alama ya ukoo wako!"

"Yangu? Yangu iko hivi." Akachovya kidole kwenye chai, akachora mezani: mstari, mstari, kisha mwingine mfupi ukikata katikati.

Kalunde alikitazama kile kidole. Kulikuwa na kitu.

"Chora tena."

"Si umeshaona?"

"Tafadhali, mzee. Chora tena."

Akachora. Kidole kilianzia palepale, kikainuka palepale.

"Kwa nini unainua mkono?"

"Chuma kinainuliwa, mama. Ukikiburuta unamchuna mnyama. Unabandika, unatoa. Unabandika, unatoa. Naye anakurushia mateke, kwa hivyo huna siku nzima."

"Na chuma kimenyooka?"

"Kama rula."

"Na alama ya kina Syokau, ile ya mviringo?"

"Mviringo gani? Ni vipande vifupi vimefuatana. Nani atapinda chuma kwa ajili ya ng'ombe?"

Kalunde akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Muda wote huu alikuwa ameibebesha disketi ngozi nzima, kila nukta nyeupe na kila nukta nyeusi, kumbe alichohitaji ni mkono tu: anzia hapa, ishia hapa, inua. Akiweka mwanzo na mwisho wa kila mstari, mashine itachora yenyewe.

"Mzee, chora zote unazozijua."

"Zote? Chai itaisha."

"Nitaongeza," akasema Mwanamkasi, na kweli akaongeza. Ndululu alichora, Mwanamkasi akapangusa meza kwa kitambaa, Kalunde akaandika namba. Walipotofautiana kuhusu alama ya kina Muli, Ndululu alifumba macho, akainyoosha ngumi hewani kana kwamba ameshika chuma, na mkono ukakumbuka.

Jioni Kalunde akabonyeza. Kwenye skrini ukatokea mstari, ukafuata mwingine, kisha ule mfupi wa katikati. Ndululu akarudi nyuma kidogo, akanusa.

"Karibu nisikie harufu ya manyoya yakiungua," akasema.

Disketi ilimeza yote, na nafasi ikabaki. Ndululu aliizungusha mkononi, akakohoa.

"Yule ng'ombe... hawezi kurudi?"

"Si ulimkataa!" akadakia Mwanamkasi.

"Mimi ni mtu mmoja. Kamati ni kumi na wote wamenuna."

Kalunde akamchora upya kwa mistari tu, mwembamba kama wa kiangazi.

Kesho yake, huko Ikutha, jenereta ya kanisa ikinguruma, aliletwa fahali asiyejulikana ni wa nani. Kalunde akaingiza mistari ya alama yake. Alama ikajichora polepole mbele ya kamati, na chini yake likaja jina: Mutindi. Mwanamke aliyekuwa amesimama nyuma ya ua akapiga kelele, akapenya katikati ya watu kumfuata fahali wake.

Wanakamati walitazamana. Hakuna aliyetaja mota ya kinu. Mmoja wao alisogea karibu na Kalunde, akashusha sauti.

"Huyo ng'ombe wako mwembamba," akauliza, "halii?"